Mama Aliyetutangulia Kwenye Mvuke

Kwa miaka kadhaa nilitembea nyuma ya mama mmoja ambaye macho yake yalikuwa yakizimika, na sehemu kubwa ya wakati huo nilijua. Watu waliotembea katikati yetu hawakujua. Nalisema hili mwanzoni kabisa, ili msomaji asidhani nitamchora mama wa watu halafu mimi nijifiche nyuma ya picha yake.

Tulimwita Kiongozi. Hakuwa na cheo kanisani wala kwenye siasa. Kazi yake ilikuwa kupeleka watu ziara. Makanisa, shule na vikundi vya wastaafu vya Eldoret vilimtafuta, naye alikodi basi, akapanga chakula, akawapeleka kuona yale aliyoyaita mali yetu ambayo dunia imetuomba tuitunze: Ziwa Bogoria na wenzake wa Bonde la Ufa, na kuta za mawe za Thimlich Ohinga kule Migori. Hizo zote zimo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Lakini mtu mpya hakumruhusu kupanda basi kabla hajampeleka kwa miguu hadi kwenye mashimo ya Sirikwa, mazizi ya kale yaliyochimbwa ardhini, ambayo hayamo kwenye orodha yoyote na yako karibu na nyumbani.

"Mnataka kwenda Migori kutazama zizi la watu wa zamani," alituambia siku ya kwanza, sisi wazee wa Kiplombe, pembeni mwa Eldoret, "na huku kwenu mbuzi wako amelala ndani ya zizi la miaka mia kadhaa na umemfunga hapo bila hata kumwambia."

Kikundi chetu kilikuwa na mzee mmoja, Odhiambo, fundi wa magari aliyestaafu, aliyetoka upande wa ziwa kubwa akiwa kijana na kuzeekea Eldoret. Huyo hakuachia nafasi. "Si mnaona?" akasema. "Kwetu tulisimamisha ukuta. Nyinyi Wakalenjin mkachimba shimo."

"Na nyote mlikuwa mnaficha ng'ombe," Kiongozi akamjibu bila kugeuka. "Mmoja anamficha mwenzake. Tembea."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akituendesha. Hakuwa na sauti kubwa, ila alisema jambo kisha akatembea, na wewe ukajikuta tayari unafuata.

Mimi nilikuwa mtu wa mkia. Hicho kilikuwa cheo halisi. Kila ziara Kiongozi alichagua mtu wa kutembea mwisho kabisa, kuhakikisha hakuna aliyebaki kichakani au chooni, na baada ya ziara ya pili hakuchagua mwingine. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikafanya kazi ya stoo ya nafaka mpaka nikastaafu, na maishani mwangu sikuwahi kuchaguliwa kwa jambo lolote. Mke wangu, Mama Chebet, alinicheka. "Umepewa mkia na unatembea kama umepewa kichwa," aliniambia. Alisema kweli. Yaliyofuata hayaeleweki bila kujua jinsi nilivyokipenda kile cheo.

Kuhusu mambo ya kale, neno alilolitumia zaidi ni "hatujui". Pale Thimlich Ohinga kuta ni ndefu kumpita mtu, mawe yamepangwa juu ya mawe bila udongo wala saruji, na malango ni mafupi hivi kwamba hata askofu lazima ainame. Watu wanataka kujua nani alijenga, kwa nini walihama, walikwenda wapi. Waongozaji wengine niliowasikia hawakosi jibu. Yeye alisema, "Yanayojulikana ni haya." Akayasema. "Baada ya hapo hatujui. Anayewaambia anajua, mwulizeni alikuwa amesimama wapi." Siku moja mwalimu wa historia aliyekuwa nasi alimshinikiza atoe hata makisio. Kiongozi alimtazama kwa huruma. "Mwalimu, nikikisia hapa, kesho utawafundisha watoto."

Alichukia uongo namna hiyo. Mama mmoja aliwahi kuokota kijiwe chini ya ukuta akakitia mkobani, kwa sababu kilikuwa kizuri na kidogo. Tulikuwa tumeshapanda basi. Kiongozi alisimama mlangoni, akasema kuna jiwe ndani ya gari na dereva hatawasha injini. Hakumtaja mtu. Tulikaa kwenye joto mpaka yule mama akateremka mwenyewe akilia, na Kiongozi akaenda naye, wakatafuta pamoja mahali kijiwe kilipolala. Waliporudi alimpa chupa yake ya maji ya kunywa na kumwambia, "Ndiyo imekwisha." Na kweli ilikwisha.

Mtu huyu ndiye aliyetuficha macho yake.

Mambo mengine kumhusu hayakupatana. Alikuwa mkali wa saa, anaacha mtu stejini bila kuangalia nyuma, lakini kanisani aliingia mahubiri yakiwa katikati. Alitembea juu ya ardhi inayochemka kama anakwenda kisimani, ila barabara ya kuteremka kutoka Iten kwenda Bonde la Kerio ilimtoa roho. Kona ya kwanza tu, alifumba macho, akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili na kuanza wimbo wa tenzi kwa Kikalenjin. Hakunyamaza mpaka tuko Tambach. Odhiambo alimwuliza dereva kwa sauti, "Mheshimiwa, huyu mama anakuombea wewe ama breki?" Basi zima likacheka. Kiongozi akaimba kwa nguvu zaidi.

Fimbo yake lazima niieleze vizuri, kwa sababu ndiyo iliyotudanganya sote.

Kule Loburu, kando ya Ziwa Bogoria, maji ya moto hutoka ardhini yakichemka. Mengine hububujika, mengine hurushwa juu kama yamepigwa teke. Watu wa kwetu hupenda kwenda na mayai na mahindi mabichi, wakayaweka ndani ya kikapu au neti, wakayatumbukiza kwa kamba, na kula papo hapo na chumvi. Wengi huenda kwa ajili hiyo tu. Ukirudi Eldoret bila kuonja yai la Bogoria ni kama hukwenda. Lakini ukingo wa vile visima ni gamba. Mahali pengine ni gumu kama sakafu, mahali pengine ni jembamba kama ukoko wa ugali, na chini yake kuna maji yanayoweza kumtoa mtu ngozi. Kiongozi alitangulia akigonga ardhi na fimbo. Ardhi ngumu ililia kavu. Ardhi yenye uwazi chini ililia kama mtungi mtupu. Tulifuata kwa mstari mmoja, kila mtu akikanyaga alipokanyaga wa mbele. "Picha ni baadaye," alisema. "Kwanza miguu."

Basi macho yalipoanza kwenda, hakuhitaji kujifunza kutembea na fimbo. Alikuwa nayo tayari, na sisi tuliisifu.

Mimi nilianza kushuku tulipokuwa Ziwa Elementaita. Alinyoosha mkono na kusema, "Waoneni wale heroe, wamejaa kama maua." Alikokuwa akionyesha kulikuwa na povu na chumvi tu, ndege walikuwa mbali upande wa kushoto. Watu walicheka, wakadhani anawapima. Yeye naye akacheka, lakini alichelewa kidogo. Baada ya hapo niliona mengine. Bango likiwa mbele yake, alimwambia mtu, "Tusomee wote, sauti yako ni nzuri." Akipewa chai, alingoja kikombe kimguse vidole. Thimlich Ohinga hakukosea kitu, kwa sababu ukuta hauhami. Alipitisha kiganja kwenye mawe na kutuambia hapa pamerekebishwa, hapa ni pa zamani. Nilimtazama nikawaza, huyu anaona zaidi yetu. Nilitaka iwe hivyo.

Tulizungumza naye Kabarnet, tuliposimama kunywa chai. Wengine walikuwa ndani ya hoteli. Alikuwa ameegemea basi.

"Umeshajua," akaniambia.

"Nimejua, Mama."

"Jicho la kulia limekwisha. La kushoto linaona kama mtu aliye ndani ya moshi. Daktari anasema halitarudi."

Nilimwuliza kwa nini hasemi.

"Nikisema leo, kesho nitakaa wapi? Jikoni? Nyumbani kwangu mimi ni nyanya wa kuambiwa keti hapo." Akasubiri mtu mmoja apite. "Bogoria ninaijua kwa miguu. Utasema?"

"Sitasema."

"Asante, Mzee."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilikubali upesi hivyo. Huruma ilikuwepo, ndiyo. Lakini nilijua pia kwamba siku akiacha, kikundi kitakufa, na mimi nitarudi kukaa mbele ya nyumba nikitazama kuku. Nilikubali kwa ajili yangu, kisha nikaiita heshima.

Na sikukubali mara moja tu. Kila ziara nilikubali upya. Iliyonikosesha raha zaidi ni ile ya watoto wa shule moja ya msingi ya Kiplombe. Mwalimu mkuu alimwomba Kiongozi awapeleke Loburu, naye akaniomba nishike mkia. Walikuwa wengi, wamevaa masweta ya kijani, hawatulii. Nyuma ya Kiongozi alijipanga msichana mmoja mdogo kuliko wote, aliyeng'ang'ania nafasi ya kwanza, akawa anaruka na miguu miwili kila mahali fimbo ilipogonga. Mimi nilikuwa mwisho kabisa, mbali nao. Mvuke ulikuwa ukija na kuondoka. Ulipokuja sikuiona tena fimbo wala lile sweta, nikasikia kugonga tu. Shati langu lililowa mgongo mzima. Ningeweza kusema neno moja, "Turudini," na watoto wangelalamika kidogo wakasahau. Sikulisema. Walikula mayai yao, wakaimba njia nzima hadi Eldoret, na mwalimu mkuu akatushika mikono kwa shukrani. 

Ziara ya mwisho ilikuwa ya kikundi chetu wenyewe, na Mama Chebet alikuja. Hakuwa mtu wa ziara, lakini nilikuwa nimemsimulia sana habari za yai la Bogoria.

Ziwa lilikuwa limepanda. Kila mtu alikuwa amesikia kwamba maziwa ya Bonde la Ufa yanafurika, ila kusikia ni tofauti na kufika. Barabara ya zamani ilikuwa imeingia majini, miti imesimama mikavu katikati ya ziwa, na visima kadhaa vya moto tulivyovizoea vilikuwa vinachemka chini ya maji. Dereva alituteremsha mahali papya. Nilimfuata Kiongozi pembeni.

"Mama, si pale pa siku zote."

"Nasikia. Maji yako karibu."

"Tule hapa tu, juu. Mayai ya kuchemsha yako hotelini Marigat, nitarudi na dereva niyanunue."

"Watu wametoka Eldoret asubuhi kuja kula mayai ya hoteli?" Alitabasamu, lakini midomo ilikuwa imekauka. "Ardhi itaniambia. Rudi mkiani."

Nikarudi mkiani.

Walijipanga. Mama Chebet alikuwa wa kwanza nyuma ya Kiongozi, ameshika kikapu cha mayai, maana alitaka kuona vizuri. Odhiambo alimfuata, kisha wengine. Tukaanza. Nilisikia fimbo ikilia kavu, kavu, kavu. Ardhi ilikuwa imelowa kutokana na ziwa, na nilipogonga kwa kisigino changu penye ufa unaotoa mvuke, ambapo lazima kuna uwazi, pia ililia kavu. Nilirudia. Kavu. Hapo ndipo nilipoelewa. Maji yalikuwa yamejaza chini, na ile sauti ya mtungi mtupu haikuwepo tena popote. Fimbo ilikuwa inamwambia kila mahali ni salama.

Nikatoka kwenye mstari. Nilikwenda kwa pembeni, juu ya majani, nikipita watu walioniuliza kuna nini. Upepo ukasukuma mvuke kando, nikaona mbele ya Kiongozi. Kulikuwa na kisima kipya, maji ya buluu safi, hayabubujiki wakati ule, yametulia kama ya kunawa. Gamba jeupe lilikuwa limetokeza juu yake. Fimbo yake iligusa lile gamba, ikalia kavu, naye akainua mguu. Mama Chebet alikuwa nyuma yake, ameinama kuangalia mayai.

"Simama!" nilipiga kelele. "Wewe mama kipofu, simama!"

Mguu ulibaki juu. Halafu aliurudisha nyuma, polepole, akakanyaga pale ulipotoka. Gamba lilipasuka fimbo ikiwa bado juu yake. Kipande kikateleza ndani bila kelele, na fimbo ikafuata.

Hakuna aliyesogea. Kisima kilianza kububujika.

Odhiambo ndiye aliyesema, na hakukuwa na mzaha kwenye sauti yake. "Mzee, umemwitaje?"

Kiongozi alinisaidia kujibu. "Ameniita ninavyostahili," alisema, uso ukielekea mahali ambapo hapakuwa na mtu. "Geukeni. Mzee atawatoa."

Niliwatoa. Yeye alikuja akiwa amemshika Odhiambo bega. Ndani ya basi alikaa kiti cha nyuma kabisa, na tulipopanda kurudi Iten hakuimba. Eldoret alishuka mjini kabla ya wengine, akapapasa ngazi ya basi kwa mguu mbele yetu sote, bila kuficha tena, na hakuaga.

Nyumbani Mama Chebet aliweka kikapu mezani, mayai yakiwa mabichi.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Nilimwambia.

"Na asubuhi ukanifunga leso, ukaniacha nijipange nyuma yake."

Bado tunaishi pamoja vizuri, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku hiyo, nikimwambia jambo ni salama, huenda kujiangalia mwenyewe.

Kikundi kilivunjika. Wengine walimlaani Kiongozi, wengine walinilaumu mimi kwa lile neno, kwamba mama mzima haitwi vile mbele ya watu. Niliwakubalia hao wa pili kwa hamu, kwa sababu kosa la mdomo lilikuwa dogo kuliko lile lingine.

Mwaka huu nilisikia kwamba anaishi Kesses kwa binti yake, anayekodisha vyumba kwa wanafunzi wa chuo. Nilikwenda. Nilimkuta uani ameketi kwenye kiti cha plastiki, ana sinia ya maharagwe mapajani, anatoa mawe kwa vidole. Vijana wawili walipita na mabegi, wakamsalimia kama nyanya yao. "Shosh, sasa?" "Poa. Mmelipa maji?" akawajibu. Wakacheka, wakapotea.

"Nani mwingine amesimama hapo?" akauliza.

Nilijitaja. Vidole vilisimama, kisha vikaendelea.

"Keti. Kuna stuli."

Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu nyumbani. Nilimwomba msamaha kwa kumwita kipofu mbele ya watu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hilo halikuniuma," akasema. "Lilikuwa ni kweli. Niambie kitu kingine. Siku ile nyuma yangu alikuwa nani?"

"Mama Chebet."

"Mke wako."

"Ndiyo."

Jiwe likaanguka chini. "Na siku ya watoto?"

"Msichana mmoja. Alikuwa na sweta la kijani. Jina lake sikulijua."

"Nilikuwa nasikia anaruka," alisema. "Mvuke ulipokuja sikuona hata fimbo yangu. Nilijua siko mahali ninapopajua. Nikaendelea, kwa sababu nikisimama mtauliza." Akanigeuzia uso. "Na wewe ulikuwa unaona mvuke. Kama ningeinua mguu vibaya siku hiyo, ungepiga kelele?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angeweza kunipinga.

"Sijui, Mama," nikasema.

Aliweka sinia chini.

"Wazazi wa wale watoto wanajua?"

"Hapana."

"Mwalimu mkuu?"

"Alitushukuru."

"Bado yuko?"

"Yuko. Shule ni ileile."

"Basi umekosea mtu wa kumwomba msamaha," alisema, akasimama, akawa anatafuta hewani mpaka mkono wake ukapata bega langu. "Hata mimi nimekaa hapa kama sina deni na mtu. Twende tukamwambie, kabla hajawakabidhi wengine kwa mtu kama sisi. Nitafutie viatu. Viko karibu na mlango."